TUFUNGE MLANGO WA SIMU
Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi



Katika somo la mwezi huu twataka kueleza habari za kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni au ndani ya mkoba, yaani simu ya mkononi, na hasa ile ya kupangusa iitwayo simu janja. Labda wengine watauliza, "Mwalimu mstaafu ana habari gani na mambo ya vijana?" Twakiri kwamba hatukuyajua mpaka tulipofundishwa na mwizi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja, kabla ya saa sita mchana, tulipita katika Mtaa wa Congo kwenda kununua madaftari ya wajukuu. Wenyeji wa Kariakoo wanajua mtaa ule ulivyo siku ya Jumamosi: bidhaa chini, bidhaa juu, mikokoteni katikati, na watu bega kwa bega. Tulipotokea Mtaa wa Uhuru tuliona mkoba umekuwa mwepesi. Simu haikuwamo.

Tulijifariji upesi. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani, na kioo chake kilikuwa kimefungwa kwa namba ya siri. Tukasema, "Haya, Jumatatu tutakwenda kurudisha laini." Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Mwizi hakuhangaika na kioo hata kidogo. Alitoa laini, akaitia katika simu nyingine, akajiandikisha WhatsApp kwa namba yetu. Makundi yote tuliyokuwamo yakamfungukia: kundi la ukoo, kundi la walimu wastaafu, na kundi la wale tuliowafundisha zamani. Jioni ile akaandika humo kwa jina letu kwamba tumelazwa ghafla, na mwenye uwezo atume chochote kwenye namba fulani.

Mwanafunzi wetu wa zamani, mama anayeuza vitenge hapo hapo Kariakoo, alituma shs. 80,000. Ilikuwa fedha ya kununulia mzigo wake wa Jumatatu. Tulipokwenda kumwomba radhi na kumwambia kwamba mwizi amemdanganya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikumpa mwizi. Nilikupa wewe."

Neno hilo lilituuma kuliko kupotea kwa simu. Tangu siku ile tumejifunza kwa wajukuu, kwa mafundi, na kwa kusoma, na haya tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea leo.

1. SIMU NI FUNGUO

Zamani mtu akiibiwa simu alipoteza simu, basi. Mambo yalianza kubadilika pale huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008. Mitandao mingine ikafuata. Leo simu ni pochi, ni kitabu cha benki, ni albamu ya picha, na ni daftari la kikoba. Tena, baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilisogezwa mpaka 20 Januari 2020, namba ya simu imefungwa pamoja na kitambulisho cha Taifa. Wengi wetu twazikumbuka foleni zile. Kwa hiyo namba yako ni kama jina lako. Mtu akiishika, anaweza kusema kwa kinywa chako.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alikabidhiwa ufunguo wa stoo ya vitabu. Tulikuwa tukimwambia, "Ufunguo uko mfukoni mwako, lakini vitabu ni vya chuo kizima." Simu ni vivyo hivyo. Mwenye simu akizembea, wanaoumia ni wale wanaomwamini. Basi mtu asiseme, "Mimi sina fedha, mwizi atapata nini kwangu?" Atapata jina lako, na hilo lina thamani kwa watu wako.

2. MILANGO MINNE

Simu ina milango minne, na kila mmoja una komeo lake. Watu wengi hufunga mmoja tu, wakalala usingizi.

Mlango wa kwanza ni kioo. Ufunge kwa namba ya siri ya tarakimu 6, pamoja na alama ya kidole kama simu yako inakubali. Ule mchoro wa kupitisha kidole haufai sana, kwa sababu aliyesimama nyuma yako katika daladala anauona mara moja, na mafuta ya kidole huacha njia juu ya kioo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala 123456. Iagize simu ijifunge yenyewe baada ya nusu dakika. Kisha, katika Mipangilio, zuia maneno ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Namba za uthibitisho huja kwa ujumbe, na mtu asiyeweza kufungua simu yako anaweza bado kuzisoma juu ya kioo.

Mlango wa pili ni laini. Huu ndio tuliousahau sisi. Laini ina namba yake ya siri, mbali na ile ya kioo. Ukiiwasha, mtu akiitoa laini na kuitia katika simu nyingine ataulizwa namba hiyo. Akikosea mara 3, laini hujifunga, na haifunguki mpaka ipatikane namba ndefu ya tarakimu 8 iitwayo PUK. Namba hizi mara nyingi zimeandikwa kwenye ile kadi kubwa uliyopewa pamoja na laini. Usikisie namba ya kwanza, maana wewe mwenyewe utajifungia nje. Kama kadi imepotea, nenda duka la mtandao wako wakusaidie. Kazi hii ni ya dakika 5, nayo ingetosha kumzuia mwizi wetu.

Mlango wa tatu ni WhatsApp. Ingia katika Mipangilio, kisha Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua namba ya tarakimu 6 unayoijua wewe peke yako, na utaweka anwani yako ya barua pepe ili uweze kusaidiwa ukiisahau. Mwizi mwenye laini yako akijaribu kujiandikisha ataulizwa namba hiyo, na asipoijua atangojeshwa siku 7. Katika siku hizo wewe umekwisha kurudisha laini yako. Tena fungua mara kwa mara sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua imeunganishwa na WhatsApp yako, iondoe papo hapo, kwa maana mtu anasoma barua zako.

Mlango wa nne ni fedha. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (ambayo ilikuwa Tigo Pesa) au HaloPesa isifanane na namba ya kioo. Isiandikwe katika simu hiyo hiyo, wala nyuma ya kadi ya benki. Asiijue wakala, fundi, wala kijana wa jirani anayekusaidia kutuma. Wazee wenzetu, hapa twajijua. Mara nyingi twampa mtoto simu na namba ya siri pamoja, tukisema macho hayaoni. Afadhali tumwombe mtoto atusomee, nasi tubonyeze wenyewe.

3. NJIANI, SOKONI NA KWA FUNDI

Wenye pikipiki wanaopora simu hupenda mtu anayesimama ukingoni mwa barabara, simu sikioni, macho mbali. Ukipigiwa, ingia dukani au usimame ukutani, uongee, urudishe simu ndani. Katika msukumano wa kupanda mwendokasi pale Gerezani, mkoba uwe mbele ya kifua, si mgongoni. Simu nyingine za Android zimeanza, tangu 2024, kuwekewa uwezo wa kutambua zimenyakuliwa na kujifunga kioo zenyewe. Mwombe kijana akuangalizie kama yako inao, auwashe.

Ukisajili laini kwa wakala aketiye chini ya mwavuli, uwe macho. Wapo wasio waaminifu ambao humwambia mtu, "Kidole hakijashika, weka tena," kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake, na laini hiyo huuzwa kwa watapeli. Dawa yake ni rahisi. Piga *106# na ufuate maelekezo, nawe utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo ukaikane. Tumefanya zoezi hili na majirani wawili, na mmoja alikuta namba ambayo hajawahi kuishika.

Simu ikiharibika, kabla ya kumpa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu, uende navyo. Usimwachie namba ya siri kama kazi ni ya kubadili kioo au betri. Kama hana budi kuifungua ili aijaribu, keti hapo mpaka amalize. Mafundi wengi wa Kariakoo ni waaminifu na hawatachukia. Fundi mmoja alituambia kwamba yeye mwenyewe hupenda mteja aketi, ili asije akashutumiwa baadaye.

Ukinunua simu katika maduka ya Mtaa wa Aggrey au kwingineko, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya utambulisho wa simu, iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi, udai risiti, kisha uiandike katika daftari nyumbani. Twakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, wapo walioamka asubuhi simu zao hazina mtandao. Simu ya mkononi mwa mtu, inayouzwa kwa nusu ya bei bila boksi wala risiti, huenda ni ya mtu anayelia mahali fulani.

4. MANENO MATAMU

Si kila mwizi hushika simu kwa mkono. Wengine huomba, nasi tukawapa. Ni nani kati yetu hajapata ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani"? Ujanja wake ni kutegemea bahati. Hutumwa kwa watu wengi, na kati yao hakosi mmoja aliyekuwa njiani kumtumia ndugu fedha. Wengine hujifanya baba mwenye nyumba adaiye kodi, au mwalimu wa shule asemaye mtoto ameanguka. Wengine hutoa utajiri wa ghafla, mganga, au zawadi ya bahati nasibu ambayo hukuicheza.

Yupo pia anayepiga simu akisema ni mhudumu wa mtandao, na kwamba laini yako itafungwa leo. Atakuambia usome namba iliyoingia katika ujumbe, au ubonyeze nyota na tarakimu usizozijua. Kataa. Namba ile ya ujumbe ndiyo ufunguo wa WhatsApp yako au wa fedha yako, na zile nyota zaweza kuzielekeza simu zako kwake. Kata simu, kisha wewe mwenyewe upige 100, ambayo ni namba ya huduma kwa wateja, uulize.

Mwingine husema amekosea, amekutumia fedha, umrudishie. Ujumbe wake unafanana na wa kweli. Usiuamini ujumbe, tazama salio. Hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige simu kwa mtandao wake aurudishe muamala kwa njia iliyowekwa.

Na rafiki akiomba msaada kwa maandishi, mpigie usikie sauti yake. Asipopokea, ngoja, au mpigie mtu wa nyumbani kwake. Kwa kuwa siku hizi hata sauti yaweza kuigwa kwa kompyuta, muulize jambo moja mnalolijua ninyi wawili. Kumwuliza si kumvunjia heshima. Laiti mama yule wa vitenge angempigia jirani yetu, fedha yake ingepona. Lakini hatumlaumu, kwa sababu mlango uliokuwa wazi ulikuwa wetu.

Ujumbe wa utapeli usiufute tu. Namba iliyoutuma huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha unafuata maelekezo. Ni kazi ndogo yenye faida kwa wengine.

5. PROGRAMU TUNAZOZIKARIBISHA

Kuweka programu ndani ya simu ni kama kumkaribisha mgeni nyumbani. Lazima ujue ametoka wapi na anataka kuingia chumba gani. Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, si kwa linki iliyoletwa katika kundi. Programu ya tochi ikiomba kusoma majina ya watu wako, jiulize, tochi ina haja gani na majina?

Mfano mkubwa tumeuona katika mikopo ya mtandaoni, ile ambayo watu wameiita kausha damu. Mtu alikopa fedha kidogo kwa dakika chache, lakini kwanza aliombwa ruhusa ya kusoma majina yote katika simu yake, naye akakubali bila kusoma. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulipelekwa kwa bosi wake, kwa wakwe zake, na kwa watu ambao hawakuujua mkopo wenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Hapa tena twaona lile neno letu. Aliyekubali ni mmoja, waliosumbuliwa ni wengi.

Pia, simu ikikuambia kuna sasisho, usiahirishe mwezi mzima. Mara nyingi sasisho huziba tundu ambalo wezi wamekwisha kulijua. Na ile picha ya kitambulisho cha Taifa uliyoipiga ili umtumie wakala, ifute ukimaliza, hata ndani ya WhatsApp.

6. SIMU IKIPOTEA

Pamoja na uangalifu wote, simu zitapotea. Sisi tulingoja hadi Jumatatu. Ninyi msingoje hata saa moja. Fuateni utaratibu huu:

(a) Azima simu ya mtu, upige 100 kwa mtandao wako, uwaombe waifunge laini na akaunti ya fedha. Kama una akaunti ya benki katika simu, wapigie benki pia.

(b) Mwombe mtu wa nyumbani atangaze katika makundi yote kwamba simu imeibiwa na ombi lolote la fedha ni la uongo. Kama sisi tungefanya hili tu, shs. 80,000 zisingepotea.

(c) Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, ingia katika akaunti yako ya Google, au ya Apple kama simu ni iPhone, uitafute simu, uifunge, au uifute yote. Lakini huduma hii lazima iwe imewashwa kabla, nawe uwe unalikumbuka neno lako la siri.

(d) Toa taarifa polisi, ukiwa na ile namba ya IMEI kutoka daftarini.

(e) Nenda duka la mtandao na kitambulisho chako, urudishiwe laini kwa alama ya kidole. Kisha jiandikishe WhatsApp upya, na mwizi atatolewa nje.

KUMALIZIA

Mambo haya yaonekana mengi, lakini yakigawanywa ni desturi ndogo tu. Hakuna kati yetu anayelala bila kusukuma komeo la mlango, wala hatuoni kwamba ni elimu kubwa. Twafanya kwa kuzoea. Milango minne ya simu hufungwa mara moja, kwa nusu saa. Yanayobaki ni ya kila siku: kuweka simu ndani baada ya kuongea, kuficha namba unapobonyeza kwa wakala, kumpigia mtu kabla ya kumtumia fedha. Na mara moja kwa mwezi, kutazama vifaa vilivyounganishwa na kupiga *106#.

Fedha ya yule mama tuliilipa kwa miezi miwili kutoka pensheni. Mwanzo alikataa kuipokea, tukamsihi mpaka akakubali. Siku tulipomaliza, alitoa simu yake juu ya meza ya vitenge akasema, "Haya, Mwalimu, sasa nifundishe na mimi." Tukaanza na laini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja milango minne ya simu. Katika simu yako, ni mingapi iliyofungwa leo?
2. Kwa nini namba ya siri ya kioo haitoshi kumzuia mwizi aliyeitoa laini?
3. Ndugu yako amekuandikia kwamba amelazwa na anahitaji fedha. Utafanya nini kwanza?
4. Je, katika kikoba au kundi lenu, ni nani atakayetangaza mwenzenu akiibiwa simu? Kubalianeni sasa.
5. Mtu akisema, "Sina fedha, sina haja ya kulinda simu," mtamjibu nini?

Kazi ya nyumbani: Bonyeza *#06#, uandike namba itakayotokea katika daftari, na daftari likae nyumbani. Kisha msaidie mzee mmoja, au kijana mmoja, kuufunga mlango wa pili.